Sange na Mvua ya Kila Mmoja

Hapo zamani za kale, wadogo zangu, enzi ambazo wanyama walipika, waliposa na kugombana na majirani kama tufanyavyo sisi, aliishi Sange. Mnamjua Sange? Mdogo kama panya, mwepesi kama cheche, na pua yake ndefu, laini, isiyotulia. Pua ile ilikuwa ya kuuliza. Ikiona shimo, inauliza. Ikiona jani limepinduka, inauliza: nani kakupindua, na kwa nini?

Sange alikaa na mkewe, Mwanasiti, ndani ya kichuguu kikuukuu ambacho mchwa walikihama. Nyumba nzuri hiyo! Ukumbi, jiko, na chumba cha ndani chenye kiza cha kupumzikia. Katika chumba kile Mwanasiti alikuwa amejifungua mapacha, wadogo kama punje za kunde. Alikuwa kwenye arobaini yake. Nanyi mnajua: mzazi aliye kwenye arobaini hatoki nje, hahami nyumba, hapigwi na upepo. Anakandwa maji ya moto, anakunywa uji wa pilipili manga, anatulia.

Asubuhi moja Sange alikuwa anaukoroga uji huo, mara nyumba ikatikisika.

Tifu! Tifu! Tifu!

Uji ukamwagika. Hakuna hodi, hakuna salamu. Sange akatoa pua nje, kisha macho. Lo! Walisimama watatu mlangoni. Mbele alikuwa Nyati, pembe zimepinda kama mlango wa ngome. Ubavuni mwake Kifaru, mkubwa kama ghala. Na nyuma yao kidogo Fisi, kichwa chini, masikio juu.

"We, Sange!" Nyati akanguruma. "Hamisha vyombo vyako. Kichuguu hiki tunakibomoa leo."

"Shikamoo, Mzee Nyati. Shikamoo, Mzee Kifaru. Habari za asubuhi, ndugu Fisi?"

"Marahaba. Hama!"

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Kwa sababu tumeamua."

"Na mmeamua kwa sababu gani?"

"Kwa sababu tumekubaliana!"

"Na mmekubaliana kwa..."

"Fyuuu!" Kifaru akapuliza puani, vumbi likamfunika Sange mpaka masikioni. "Kadogo haka kanauliza kama hakimu!"

"Kwi kwi kwi!" Fisi akacheka, halafu akawatupia wenzake jicho.

Sange akajipangusa. "Wazee wangu, ndani kuna mzazi. Watoto hawajafumbua macho. Nikimtoa mama yao kwenye upepo huu, nitawapoteza wote. Niacheni hadi arobaini ipite."

"Arobaini ni yako, kichuguu ni chetu," Nyati akasema. "Sasa hivi tuna njaa, tunakwenda kula. Alasiri tukirudi, tusikukute. Tukikukuta, tutabomoa nawe ukiwamo."

Tifu, tifu, tifu, wakaenda zao.

Sange akarudi ndani. Kabla hajafungua kinywa, Mwanasiti akasema kutoka chumbani, "Nimesikia yote, baba watoto. Na nimesikia uji wangu ukimwagika."

"Mama watoto, sielewi! Nyati anakula majani. Kifaru anakula majani. Fisi hana haja na mchwa. Wala hakuna hata mmoja anayeweza kuingiza mguu humu ndani. Kichuguu wanakitakia nini?"

"Umewauliza?"

"Nimewauliza. Wanasema wameamua."

"Basi hata wao hawajijui. Anayejua anachotaka hakosi la kujibu." Mwanasiti akawageuza watoto, mmoja kulia, mmoja kushoto. "Unakumbuka bibi zetu walivyokuwa wakivuna kumbikumbi?"

"Walikuwa wanagonga vijiti."

"Ehee. Jua linawaka, hakuna hata wingu. Wanaketi juu ya kichuguu, wanagonga taratibu: to, to, to-to, to. Kumbikumbi ndani wanasema, 'Mvua hiyo!' Wanatoka wenyewe na mabawa yao. Sasa niambie, ungesimama pale mlangoni ukawaita kwa majina, wangetoka?"

"Ningekauka koo."

"Ndivyo. Kumbikumbi hatoki kwa kuitwa wala kwa kutishwa. Anatoka kwa mvua. Na kila kiumbe kina mvua yake, mume wangu. Nenda kaisikilize ya kila mmoja, kisha uigonge."

Pua ya Sange ikaanza kucheza. Woga ulikuwa umebaki miguuni tu. Kichwani umeingia udadisi. Akatoka mbio, puru!

Alimkuta Kifaru kichakani, amejibanza kwenye mti.

Kwaru kwaru! Kwaru kwaru!

"Hapo... la, chini... aaah, juu kidogo... uuuh," Kifaru alikuwa akiguna, macho kafumba. Mara, kraa! Mti ukavunjika, ukaanguka puu! Kifaru akautazama kwa huzuni. "Hata huu nao!"

Sange akatazama huku na huku. Miti iliyovunjika ilikuwa imelala kila upande.

"Mzee Kifaru, ndege wako wako wapi? Wale askari wa kifaru, wadona kupe?"

"Nani? Ah, ni wewe." Kifaru akanuna. "Wameondoka. Asubuhi moja walikuwa wanaimba nami nina usingizi. Nikawafokea. Basi! Hawajarudi. Na sasa kupe wanajenga mji mgongoni mwangu, na misikiti yao, na masoko yao. Sili nikashiba, silali nikapumzika. Kila mti ninaoegemea unavunjika."

"Na kichuguu changu..."

"Kile kigumu! Nimekiona. Kile kitanikuna vizuri."

"Kumbe!" Sange akasema polepole. Kumbe si ubabe. Ni muwasho tu, wadogo zangu! "Mzee, lakini kichuguu kilichobomolewa kitamkuna nani?"

Kifaru akautazama tena mti ulioanguka.

"Inama," Sange akasema. Akapanda mgongoni, akaanza kazi. Pu! Kupe mmoja. Pu! Mwingine. Sange anakula wadudu, na kupe wa Kifaru walikuwa wanono.

"Oooh," Kifaru akasema. Chozi likamtiririka hadi puani.

"Kichuguu kikisimama, utakuja kujikuna upande wa mashariki. Nami nitapanda kukutoa kupe. Ila kikibomolewa, ninahamia kwa shangazi yangu, ng'ambo ya milima."

"Usiende kwa shangazi!"

"Lakini Mzee Nyati..."

"Nyati kitu gani? Nyati ana muwasho wangu?"

"Basi usimwambie mtu," Sange akanong'ona sikioni. "Mgongo wa Nyati nao una kupe. Na mdomo wangu ni mmoja."

Kifaru akafumba midomo yake kama aliyepewa hazina. Sange akateremka, akashika njia, pua mbele.

Alimsikia Nyati kabla hajamwona. Sauti nzito ilikuwa ikitoka katika uwanda wa nyasi ndefu.

"Ndugu zangu! Wazee kwa vijana! Nimesimama mbele yenu leo..."

Sange akapenya nyasi, akachungulia. Nyati alikuwa peke yake. Hapakuwa na ndugu, hapakuwa na wazee, wala kijana.

"Mzee Nyati, mbona unahutubia nyasi?"

Nyati akaruka kwa haya. "Nyasi... nyasi hazinikatizi." Akakohoa. Halafu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza swali kwa siku nyingi, maneno yakamtoka. "Nilikuwa kiongozi wa kundi, unajua? Nikisema tunywe, wananywa. Nikisema twende, wanakwenda. Sasa vijana wameota pembe. Wakaniambia, 'Mzee, pumzika.' Pumzika! Pumzika ndiyo njia ya adabu ya kumwambia mtu ondoka. Nikisimama juu ya kifusi cha kichuguu chako, wataniona kutoka bondeni."

Kumbe! Huyu hakuwashwa na kupe. Kilichomuwasha hakikuwa juu ya ngozi.

Sange akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. "Basi mzee, sina la kusema. Nilikuja kukuambia habari za Mlinzi wa Arobaini, lakini nimechelewa." Akageuka.

"We! Rudi hapa. Mlinzi gani?"

"Wa Arobaini. Ni cheo cha zamani." Cheo chenyewe kilikuwa cha zamani kama pumzi aliyoivuta Sange wakati ule ule! "Mzazi akiwa ndani, mkubwa mmoja husimama mlangoni kwake. Kila apitaye lazima asimame, ainamishe kichwa, atoe shikamoo, aombe njia."

"Na asipoinamisha kichwa?"

"Hapiti."

"Mmh." Mkia wa Nyati ukaanza kupunga. "Na hotuba je?"

"Kila asubuhi, mzee. Kwa sauti ya chini kwa ajili ya watoto. Mzazi mwenyewe hawezi kutoka nje, kwa hiyo atakusikiliza mpaka mwisho."

Nyati akameza mate. "Na huyo Mlinzi, nani humteua?"

"Baba wa watoto. Lakini sasa nahama. Huko niendako nadhani nitampa Mzee Tembo..."

"Tembo! Tembo ana nini zaidi ya pua?" Nyati akasimama wima, kifua mbele. "Nyumba ya mzazi haihamishwi! Hii ni mila!"

"Nawe ndiye wa kuilinda, mzee wangu. Ila usitangaze mapema. Cheo kikitangazwa kabla ya wakati kinaota wapinzani."

Sange akaondoka huku akicheka kimoyomoyo. Wawili tayari! Amebaki Fisi. Na Fisi, nani asiyemjua? Fisi ni tumbo lenye miguu. Hata mtoto wa jana anajua mvua ya Fisi. Hakuwa na haja ya kuketi na kusikiliza. Akapita jalalani, akaokota mfupa mkubwa wenye uboho, akauburuta hadi kwenye pango la Fisi.

"Ndugu Fisi, zawadi yako hii."

Kacha! Kacha! Kacha! Mfupa ukatoweka.

"Ahsante, kaka," Fisi akasema, akijilamba. "Mtamu kwelikweli. Haya, tuonane alasiri."

"Alasiri? Wapi tena?"

"Kwako! Kwenye kubomoa. Nimekwisha kunoa kucha."

Kwa mara ya kwanza maishani, pua ya Sange ikasimama kimya.

"Lakini... umeshiba?"

"Nimeshiba tele!"

"Na bado utabomoa?"

"Sasa nina nguvu zaidi! Kwi kwi kwi!"

Sange akarudi nyumbani akiwa amechoka, akabandika uji mwingine. Njia nzima alijiuliza: ameshiba, sasa anataka nini? Hakupata jibu, na jua halikumsubiri.

Alasiri ikafika. Tifu, tifu, tifu. Watatu walewale, mlango uleule. Sange alisimama kizingitini, mikono miwili kiunoni.

Nyati akakohoa. Kifaru akakohoa. Hakuna aliyesogea.

"Haya, bomoa basi," Fisi akasema.

"Anza wewe," Nyati akamwambia Kifaru.

"Kwa nini nianze mimi? Mimi naona... kichuguu hiki kimekaa vizuri tu."

"Hata mimi naona hivyo!" Nyati akadakia. "Ila ninasimama mimi mlangoni. Wewe kaa mbali."

"Nikae mbali na upande wa mashariki? Thubutu!"

"Nani unamwambia thubutu? Inamisha kichwa kwanza!"

"Nikuinamie wewe, ng'ombe wa porini?"

"Ng'ombe! Nani ng'ombe?"

Gwaa! Pembe zikagongana. Wakaanza kusukumana, vumbi likapanda, wakasogea hadi mbali, kila mmoja akikilinda kichuguu dhidi ya mwenzake. Sange angecheka, wadogo zangu, kama asingesikia sauti nyingine nyuma yake.

Paru! Paru! Paru!

Fisi alikuwa anachimba. Kucha zake zilikuwa zimekwisha kupita ukuta wa ukumbi. Udongo uliruka. Upepo ukapenya ndani, na mapacha wakaanza kulia, nyii, nyii!

"Baba watoto!" Mwanasiti akaita. "Naona mwanga!"

Sange akaruka mbele ya kucha zile. "Fisi! Fisi, ndugu yangu, nitakuletea mfupa mwingine!"

"Nimeshiba, nimekuambia." Paru! Paru! Kisha Fisi akageuza shingo, akatazama nyuma. Paru! Akatazama nyuma tena.

Pua ya Sange ikashtuka. Nyumba inabomoka, watoto wanalia, na bado pua ile ikauliza: kwani huyu anatazama nini huko nyuma?

"Fisi, unamtazama nani?"

"Wao." Fisi akaelekeza kidevu kwa Nyati na Kifaru. "Nangoja waone ninavyochimba. Nangoja wacheke pamoja nami."

"Kwa hiyo hiki kichuguu wewe hukitaki?"

"Mimi nikifanyie nini?"

"Sasa ulikuja kwa nini?"

Fisi akasimamisha kucha. Akaonekana kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumbani kwake akaisahau. "Waliniambia, 'Njoo.'"

"Basi?"

"Basi nini? Unajua ni lini mtu aliniambia njoo?" Sauti ya Fisi ikashuka. "Mimi nikipiga hodi, nyumba inanyamaza. Nasikia kabisa: walikuwa wanaongea, wananyamaza. Kijiko kilikuwa kinagonga bakuli, kinasimama. Wanangoja niondoke. Hawa wawili walikuwa wanahitaji mchimbaji, wakaniita. Nikimaliza kuchimba, labda wataniita kwingine."

Kumbe hata yeye alikuwa amempelekea mfupa kama anavyotupiwa mbwa, akageuza mgongo. Alimpa Fisi chakula; hakumpa nafasi ya kukaa.

Ndipo sauti ya Mwanasiti ikatoka ndani, tulivu, juu ya vilio vya watoto. "Ndugu Fisi."

Masikio ya Fisi yakasimama. "Mimi?"

"Wewe, shemeji yangu. Arobaini ikiisha tutawatoa watoto nje, na kutakuwa na karamu. Sijapata mwalishi. Nataka mtu wa kupita nyumba hadi nyumba, apige hodi, aseme, 'Nimetumwa na mzazi, mnaalikwa.' Mtu mwenye miguu ya safari na sauti ya kufika mbali."

"Watanyamaza," Fisi akasema.

"Hakuna nyumba inayomnyamazia mjumbe wa mzazi. Hiyo ni mila. Na siku yenyewe, mwalishi hukaa mkekani pamoja na watu wa nyumbani. Utakubali?"

Fisi akatazama kucha zake. Akatazama tundu alilolichimba. "Lakini tundu hili... upepo utawaua hao watoto!" Na papo hapo akageuka, akaanza kurudisha udongo kwa miguu ya nyuma, faa, faa, faa, akausindilia kwa kifua, hata ukuta ukawa mzito kuliko mwanzo.

Vumbi la ugomvi likatulia. Nyati na Kifaru wakarudi wakihema, wakamkuta Fisi anasiriba ukuta.

"Ngoja," Nyati akasema. Alikuwa mzee, lakini hakuwa mjinga. "Kifaru, niambie kweli. Wewe nani alikukataza kubomoa?"

"Kupe," Kifaru akajibu kwa aibu. "Sange ananitoa kupe. Na wewe?"

"Mimi ni Mlinzi wa Arobaini." Nyati akamgeukia Sange, macho mekundu. "We kijitu! Cheo hiki kiliwahi kuwapo?"

Sange akatazama chini, akatazama juu. Mahali pa kukimbilia hapakuwapo. Na ndani walikuwamo watatu awapendao. "Kipo, mzee. Tangu leo mchana."

"Umenidanganya!"

Ukwato ukanyanyuka. Ulikuwa mkubwa kuliko Sange, na mkewe, na watoto wao wote. Kivuli chake kikamfunika kichwani.

Wakati ule ule Digidigi mmoja alikuwa anapita, ametoka kuchuma majani. Akamwona Nyati amesimama mlangoni, kifua mbele, mguu mmoja juu. Digidigi akasimama ghafla. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mzee. Naomba njia."

Ukwato ukabaki hewani.

"Marahaba, mwanangu," Nyati akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Pita. Ila taratibu. Ndani kuna mzazi."

Akaushusha mguu polepole, kando ya Sange, bila hata kutikisa uji jikoni.

Kifaru naye akaguna, akajisogeza upande wa mashariki. "Udanganyifu ni udanganyifu," akanung'unika. "Lakini kushoto hapa, karibu na bega, bado kunawasha."

Fisi akakung'uta udongo miguuni, akaaga, akaenda hatua chache. Akasita. Akarudi mbio hadi mlangoni.

"Hodi!"

"Karibu!" wakaitika Sange na Mwanasiti kwa pamoja, na ndani kijiko cha mzazi kikaendelea kugonga bakuli la uji.

"Hapana, sina neno," Fisi akasema, meno yote nje. "Nilikuwa najaribu tu."

Basi wadogo zangu, la kushika ni hili: anachodai mtu kiko mdomoni, anachohitaji kiko moyoni, na mdogo anayekisikia hiki cha pili humshinda mkubwa anayepigania cha kwanza.